Ziwa Ngozi kutoka Dar es Salaam: mwongozo kamili wa kujiandaa na kupanda

Ziwa Ngozi limejificha ndani ya mlima. Ukiwa kwenye lami ya Mbeya kwenda Tukuyu huwezi kujua kwamba juu ya ule msitu kuna maji. Unaona mashamba ya viazi, halafu mianzi, halafu ukungu. Mpaka upande ufike ukingoni ndipo ziwa linapojitokeza lote kwa mpigo, zaidi ya mita 200 chini ya miguu yako, likiwa limezungushiwa kuta za mwamba na miti pande zote.

Watu wa Dar wakisikia habari zake huuliza nauli na umbali. Hayo ndiyo mepesi. Njia yenyewe ni fupi: mtu wa kawaida hupanda kwa saa moja hadi mbili. Kinachowatesa wageni kutoka Pwani ni matope, mteremko wa kurudi na baridi, na yote matatu dawa yake iko Dar, kabla hata hujakata tiketi. Ndiyo maana nusu ya mwongozo huu inazungumzia wiki utakazokuwa bado mjini.

Unakwenda kuona nini

Ngozi ni volkano katika safu ya milima ya Uporoto, mkoani Mbeya. Zamani sana ililipuka, ikamwaga uji wa moto uliokuwa tumboni mwake, kisha kilele kikatitia kwa kukosa cha kukishikilia. Shimo lililobaki ndilo lililojaa maji. Ziwa lina urefu wa kilomita 2.5 hivi na upana wa kama kilomita 1.6, na sehemu ya juu kabisa ya ukingo inafika takriban mita 2,620 kutoka usawa wa bahari. Hakuna mto unaoonekana ukitoka ziwani. Wenyeji watakuonyesha kwamba umbo lake linafanana na ramani ya Afrika, na hali ya hewa ikiwa nzuri utakubaliana nao.

Ukanda wote huo ni wa volkano. Mlima wa jirani, Rungwe, unakaribia mita 3,000. Mwingine, Kyejo, ulilipuka kwa mara ya mwisho takriban mwaka 1800, ambayo kwa umri wa milima ni juzi tu. Katika misitu ya Rungwe ndimo watafiti walipomkuta kipunji mwaka 2003, nyani ambaye wawindaji wa eneo hilo walikuwa wakimfahamu na kumtaja kwa jina muda wote. Usitegemee kumwona Ngozi. Utakaowaona, ukitembea bila kelele, ni mbega weusi wenye manyoya meupe wakiruka juu ya miti, na ukibahatika, kinyonga wa pembe tatu wa milima ya Uporoto ambaye hapatikani kokote nje ya nyanda hizi za kusini.

Chagua mwezi kabla ya kuchagua tarehe

Wilaya ya Rungwe, ambako ziwa liko, ni miongoni mwa zenye mvua nyingi kuliko zote nchini. Mvua huanza Novemba na kuendelea hadi Mei, na Aprili ni mwezi wa kukaa nyumbani kabisa: njia inakuwa utelezi mtupu, bodaboda hazifiki chini ya mlima, na unaweza kufika juu ukakuta ukungu mweupe badala ya ziwa. Juni na Julai ni kikavu, lakini baridi yake ni ya kweli. Mbeya mjini usiku joto hushuka chini ya nyuzi 10, na huko Isongole, chini ya Ngozi, baridi ni kali zaidi.

Mimi ningechagua kati ya mwisho wa Agosti na katikati ya Oktoba. Ardhi imekauka, asubuhi ina jua, na baridi imelegea. Wengi hupenda kuunganisha na sikukuu ya Nane Nane kwa sababu ya mapumziko. Si vibaya, ila kumbuka Mbeya ina viwanja vyake vya maonyesho pale pale Uyole, kwa hiyo wiki hiyo gesti hujaa na mabasi hujaa. Ukiitaka tarehe hiyo, kata tiketi na ulipie chumba mapema.

Miguu inatengenezwa Dar

Jiji letu ni tambarare, na hilo ndilo tatizo. Mtu anaweza kutembea kila siku kutoka Posta hadi Kariakoo, akajiona yuko fiti, kumbe mapaja yake hayajawahi kufanya kazi ya mlima hata siku moja. Jipe wiki sita. Ukishindwa kabisa, nne.

Anza na ngazi. Jengo la ghorofa nane au kumi linatosha, liwe la ofisini kwenu au la mtaani ambako mlinzi anakufahamu. Panda kwa mwendo ambao bado unaweza kutamka sentensi nzima bila kuhema, na mara tatu kwa wiki ni kazi ya kutosha. Jambo ambalo wengi hulikwepa ni hili: usishuke kwa lifti. Shuka kwa miguu, pole pole, goti likiwa limekunjwa kidogo. Unapopanda, misuli ya mapaja inasukuma. Unapoteremka inafanya kazi ya breki za lori linaloshuka Kitonga, na breki zisizozoea hupata moto. Ndiyo sababu mtu hupanda Ngozi akicheka, na kesho yake hawezi kukaa chooni.

Kwa mwisho wa wiki tafuta miinuko. Ipo: barabara za Makongo Juu na Goba, vilima vya Kimara, na Mlimani penyewe pale Chuo Kikuu. Wiki ya tatu nenda msitu wa Pugu-Kazimzumbwi, upande wa Kisarawe, ukatembee saa tatu hadi nne ukiwa na mkoba mgongoni. Weka ndani chupa za maji zenye uzito utakaobeba kweli, kama kilo tano au sita. Hapo ndipo utagundua mkanda unaochubua bega na soksi inayojikunja, na ni afadhali ugundue Pugu kuliko Uporoto.

Wiki ya tano, kama mfuko unaruhusu, fanya jaribio la mlima wa kweli. Tangu treni ya mwendokasi ilipoanza kubeba abiria hadi Morogoro mwaka 2024, mtu anaweza kutoka Dar alfajiri, akapanda miteremko ya Uluguru hadi Morningside, kwenye lile jengo la zamani la Wajerumani, na jioni akawa amerudi nyumbani. Nenda na watu wale wale utakaosafiri nao Mbeya. Utajua nani anatembea haraka mno, nani hasemi akichoka, na nani anahitaji kula kila saa.

Afya nayo isemwe wazi. Juu ya Ngozi hewa ni nyepesi. Oksijeni unayoipata kwa pumzi moja ni pungufu kwa karibu robo ukilinganisha na Dar. Kwa mtu mzima mwenye afya, hilo humaanisha kuhema zaidi na labda kichwa kuuma kidogo. Kwa mwenye selimundu ni habari nyingine: hewa pungufu, baridi na kukosa maji ni vitu vitatu vinavyoweza kuamsha maumivu makali, kwa hiyo aonane na daktari wake kabla hajaamua. Mwenye pumu abebe pampu yake mfukoni, si kwenye begi lililobaki gesti. Mwenye presha au moyo naye apate neno la daktari.

Viatu, na jinsi ya kuvichagua mitumbani

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu kiatu kibaya huharibu safari nzima na kizuri si lazima kiwe cha bei kubwa. Viatu vya kupandia milima vimejaa kwenye mitumba ya Karume, Manzese na Tandika. Nenda asubuhi, mchana ukifika vizuri vimeshaondoka.

Kishike kiatu, kigeuze, angalia soli. Meno yake yawe marefu, angalau nusu sentimita hivi, na yawe na nafasi katikati ili matope yadondoke. Soli iliyosagika kisigino iache hata kama juu pamependeza. Halafu bonyeza kwa ukucha wa dole gumba kwenye ile sehemu laini iliyo kati ya soli ngumu na ngozi. Viatu vingi vya mitumba vimekaa stoo miaka, na sponji yake huoza bila kuonyesha dalili kwa nje. Ikibonyea na kurudi, sawa. Ikimeguka au ikiacha unga, kiatu hicho kitafunua mdomo katikati ya msitu. Kisha kunja: kikunjike pale vidole vinapoanzia, si katikati ya unyayo. Mwisho vuta soli pembeni kwa nguvu uone kama gundi inashika. Muuzaji atalalamika. Mwambie kwa upole, "Kaka, nakwenda nayo mlimani, niache nihakikishe," na endelea kuvuta.

Kijaribu jioni, mguu ukiwa umevimba kidogo, ukiwa umevaa soksi nene. Gonga vidole mbele: visiguse. Unaposhuka mlima mguu husukumwa mbele, na kucha zikigonga kiatu kwa saa nzima zitageuka nyeusi. Ukishanunua, hata kama unakiamini, mpelekee fundi viatu akipige uzi kuzunguka soli. Halafu kivae kila siku ya mazoezi. Kiatu ambacho hakijatembea na wewe Pugu kisiende Mbeya.

Gambuti je? Wakulima wa huko wanatembea nazo vizuri sana, na kwenye matope zinasaidia. Ila kama huna mazoea nazo, kwenye mteremko mguu unateleza ndani na kifundo hakishikiliwi. Raba za kawaida zenye soli laini, sendo na yeboyebo acha kabisa.

Nguo na mkoba

Jinzi ni nzito, ikilowa haikauki, na inanyonya joto la mwili. Fulana ya pamba vile vile: ikilowa jasho, ukisimama ukingoni upepo ukikupiga, ndani ya dakika chache unatetemeka. Jezi ya mpira, iwe ya Simba au ya Yanga, ni bora kuliko fulana yoyote ya pamba kwa sababu inakauka upesi. Juu yake vaa sweta la sufi au lile la manyoya mepesi ya mitumba, na mkobani weka koti la mvua hata kama asubuhi ni jua tupu. Suruali ya traki nyepesi inatosha. Chomeka miguu yake ndani ya soksi ndefu: kuna siafu, na kuna majani yanayowasha pembeni mwa njia. Kofia ya sufi usiidharau.

Kingine cha kubeba: maji lita mbili kwa kila mtu, chakula cha mkononi (chapati, mayai ya kuchemsha, karanga, ndizi mbivu), tochi yenye betri mpya, filimbi, soksi za akiba ndani ya mfuko wa nailoni, plasta, bendeji ya kufunga kifundo, pakiti mbili za chumvichumvi za kuongeza maji mwilini, dawa ya maumivu, na mfuko wa kurudishia taka zako. Simu iwe imejaa chaji, ramani ya eneo ikiwa imeshapakuliwa, kwa sababu mtandao msituni hukatika. Baridi hula betri, kwa hiyo iweke simu mfuko wa ndani karibu na mwili.

Kufika

Kutoka Dar hadi Mbeya ni zaidi ya kilomita 800. Mabasi huondoka Kituo cha Magufuli, Mbezi Luis, kuanzia alfajiri, na siku hizi yapo ya usiku pia. Hesabu siku nzima njiani: Morogoro, Mikumi, Kitonga, Iringa, Makambako, Igawa. Mimi napendekeza basi la mchana, kwanza kwa sababu Kitonga na hifadhi ya Mikumi ni vya kuonwa, pili kwa sababu anayefika asubuhi hajalala vizuri na hujidanganya kwamba anaweza kupanda siku hiyo hiyo.

Jambo ambalo litakuokolea muda: mabasi ya Dar yanayokwenda Kyela hupita Uyole kisha hushika barabara ile ile ya Tukuyu. Ukipanda hilo huna haja ya kuingia Mbeya mjini. Shuka Uyole, ulale hapo, na asubuhi uko njia panda tayari. Ukipenda mji uliochangamka, lala Mwanjelwa au Soweto. Tukuyu nako kuna gesti nzuri, ila mvua yake haina ratiba.

Treni ya TAZARA ni safari ya kukumbukwa kwa mwenye muda, inapita ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, lakini ulizia ratiba stesheni siku chache kabla na usiipangie siku ya kurudi kazini. Ndege hutua Songwe, nje kidogo ya Mbeya upande wa magharibi.

Siku nne ndizo zinazotosha bila kukimbizana. Ya kwanza kusafiri. Ya pili kupumzika na kuzoea hewa ya mita 1,700, labda ukazunguke sokoni ukanunue chakula cha njiani. Ya tatu mlima. Ya nne kurudi. Kuna wanaobana kwa siku tatu, wanarudi ofisini Jumatatu wakiwa wameona ziwa na wamechoka kupita kiasi. Siku ya pili ndiyo inayotofautisha.

Kibali na mwenyeji wa kukuongoza

Msitu unaozunguka ziwa ni hifadhi, na wasimamizi ni Wakala wa Huduma za Misitu, TFS. Kiingilio kipo, Mtanzania hulipa kidogo kuliko mgeni wa nje, na malipo ya serikali hupita kwa namba ya kumbukumbu, si mkononi. Pigia ofisi yao ya Mbeya au Tukuyu kabla hujasafiri, uulize kiasi cha sasa na hali ya njia. Beba kitambulisho.

Mwenyeji wa kukuongoza ni lazima, hata kama njia inaonekana wazi. Msituni kuna vijia vya wakata mianzi vinavyochanganya, na ukungu ukishuka huoni mita kumi mbele. Zaidi ya hayo, ziwa hili lina heshima yake kwa Wasafwa na Wanyakyusa. Ni mahali pa matambiko. Ukifika kijijini anza na wazee: "Shikamoo mzee, tumetoka Dar, tunaomba kwenda kuliona ziwa." Watakwambia ya kufanya na ya kutofanya, na utayafuata. Kupiga kelele ukingoni na kurusha mawe majini ni mambo ambayo hayapendezi hata kama hakuna aliyekukataza. Bei ya kuongozwa mpatane kabla ya kuondoka, mbele ya wote, na mlipe vizuri. Kijana anayekushika mkono kwenye utelezi anastahili zaidi ya posho ya soda.

Siku yenyewe

Amka saa 11 alfajiri. Kunywa chai nzito, kula chapati au viazi. Saa 12 uwe Uyole stendi, upande gari la Tukuyu au Kyela, na mwambie konda mapema kwamba unashukia Mchangani, njia panda ya Ziwa Ngozi. Ni eneo la Isongole, karibu nusu ya njia kati ya Mbeya na Tukuyu. Sababu ya kuwahi ni mawingu: asubuhi kreta, yaani lile shimo lenye ziwa, huwa wazi mara nyingi, na kadiri jua linavyopanda unyevu wa msitu nao unapanda na kufunika ziwa. Anayefika ukingoni saa 3 ana nafasi nzuri kuliko anayefika saa 7.

Kutoka barabarani hadi mwanzo wa njia ya msituni ni kilomita kadhaa za barabara ya udongo. Bodaboda zipo. Kama ardhi imelowa, mwambie dereva apunguze, na mahali palipoharibika shuka utembee. Kwa kwenda, mimi ningetembea sehemu ya mwisho kwa miguu hata ikiwa kavu, ili mwili upate joto taratibu. Na mazingira yenyewe yanataka kutazamwa: mashamba ya viazi mviringo yamepanda mpaka kiunoni mwa milima, pareto yenye maua meupe, njegere, kabichi. Viazi vya chipsi zinazokaangwa Sinza na Buguruni vingi hutoka nyanda hizi, na utayaona magunia ya lumbesa yakisubiri lori kando ya barabara.

Mashamba yakiisha, msitu unaanza bila kubisha hodi. Giza linaingia, hewa inapoa, njia inakuwa nyembamba. Mwanzo ni mpole, halafu inasimama wima. Mizizi imekaa kama ngazi, mingine imefunikwa na ukungu wa kijani unaoteleza: kanyaga kati ya mizizi, usikanyage juu yake. Kila mtu na awe na fimbo. Wenyeji watakukatia ya mwanzi uliokwishaanguka. Kwenye matope mazito usirukeruke pembeni kutafuta pakavu, kwa sababu hivyo ndivyo njia inavyopanuka na kuua mimea. Pita katikati, kanyaga kwa unyayo mzima, hatua fupi. Kiatu kitachafuka, ndiyo kazi yake.

Pumzika kila nusu saa kwa dakika tano, usikae zaidi. Kunywa maji kabla hujasikia kiu, kwa sababu kwenye baridi kiu haikuamshi. Ukisikia joto kisiginoni simama hapo hapo, vua kiatu, kausha, bandika plasta. Lengelenge ambalo lingezuiwa kwa dakika tatu litakusumbua wiki nzima. Mwendo wa kundi ni mwendo wa aliye nyuma kuliko wote, na aliye nyuma huyo asiwe peke yake kamwe.

Mianzi ikianza kuwa mingi, umekaribia. Utapita kwenye migomba pori yenye majani mapana, makangaga marefu kuliko mtu, halafu mwanga unafunguka ghafla. Hapo kuwa makini: ukingo hauna uzio, na majani yamefunika mahali ardhi inapoishia. Usirudi nyuma ukitafuta picha. Kaa chini, vaa sweta kabla hujapoa, kula.

Kushuka hadi majini

Wengi hutaka kuyagusa maji. Kuna kijia kinachoteremka ndani ya kreta, na ni kikali sana: mahali pengine unashuka kwa kushika mizizi, uso umeelekea ukutani. Msimamo wangu ni kwamba ziwa linaonekana vizuri zaidi kutoka juu, na mgeni wa mara ya kwanza abaki ukingoni. Kama ni kikavu kabisa, mwenyeji amekubali, saa haijafika 5 asubuhi, na hakuna mwenye goti bovu kundini, shukeni wachache kwa wakati mmoja, mkiachiana nafasi ili jiwe likiporomoka lisimpate aliye chini. Na hesabu kwamba kurudi juu kutachukua muda mrefu kuliko kushuka.

Maji ya ziwa usinywe. Chini kuna chemchemi za joto la volkano zinazoingiza chumvi na gesi. Usiogelee pia: maji ni ya baridi, kina kinaongezeka ghafla, na hakuna wa kukuokoa. Tena katika Rungwe kuna sehemu ambapo gesi ya kaboni dayoksaidi hutoka ardhini. Ni nzito kuliko hewa, haina rangi wala harufu, na hutuama mabondeni. Kwa hiyo usilale wala kupiga kambi kwenye shimo au bonde la chini huko ndani, na ukiona mwenyeji anakwepa mahali fulani, kwepa naye.

Mambo yakienda vibaya

Mtu akiteguka kifundo, usimvue kiatu. Kikivuliwa mguu utavimba na hakitarudi. Funga bendeji juu ya kiatu, mpe fimbo mbili, mmoja atangulie mbele yake na mmoja awe nyuma. Akianza kutetemeka bila kuacha, akawa anaongea kwa kulegea au anajikwaa kwa jambo dogo, hiyo ni baridi imeingia mwilini. Mvue nguo mbichi, mvike kavu, kofia kichwani, kinywaji kitamu cha vuguvugu kama kipo, na anza kumteremsha. Kuumwa kichwa kunakoambatana na kutapika nako dawa yake ni kushuka. Radi ikianza, ondokeni ukingoni haraka mwingie msituni, mbali na mti uliosimama peke yake.

Ukungu ukiwafunika msiendelee kwa kubahatisha. Simameni pamoja, mwenyeji aongoze, filimbi iwe tayari. Namba ya dharura ni 112, lakini mtandao ukikosekana msaada wa kwanza utatoka kijijini, kwa hiyo mwachie mtu wa Mchangani majina yenu na saa mnayotarajia kurudi. Na nyumbani Dar mtu mmoja ajue pia.

Kuteremka na kurudi

Ajali nyingi za milimani hutokea wakati wa kushuka, watu wakiwa wamechoka na wameshapata walichokifuata. Kaza kamba za viatu kabla ya kuanza, hasa juu ya kifundo, ili vidole visigonge mbele. Pinda magoti, fimbo itangulie, tazama unapokanyaga, na mazungumzo yasubiri mpaka mashambani. Lenga kuwa umetoka msituni kabla ya saa 9 alasiri.

Jioni hiyo kula wali wako, oga maji ya moto, na ulale. Usipange basi la usiku huo huo: mapaja yaliyofanya kazi ya kushuka yakikunjwa kwenye siti saa kumi na mbili mfululizo yatakaza vibaya, na maumivu makali huja siku ya pili. Viatu vioshe vikiwa bado vibichi, toa soli ya ndani, jaza magazeti, vikauke mbali na moto. Jiko la mkaa huipasua gundi. Kesho yake omba siti ya upande wa njia unyooshe mguu, na basi likisimama Makambako au Ipogolo kwa chakula, shuka utembee dakika zote walizowapa kabla ya kukaa tena.